Barua za Jumapili

Sijawahi kukisamehe Kiingereza kwa jinsi kinavyoandikwa. Kiswahili ukikisikia umeshakiandika. Kiingereza kinakutamkia herufi tatu halafu kinakudai nane. Hata kisu chao kinaanza na K isiyotamkwa, na ukiuliza inafanya nini pale, hakuna anayejua. Hasira hii niliipatia Iringa, miaka ya hamsini, katika shule ya bweni ya wasichana, nikiwa na Kiingereza cha miaka miwili tu.

Wenzangu walilipiza kisasi kwa kuyasoma maneno hayo herufi kwa herufi, kama Kiswahili. "Knife" likawa kinife, "night" likawa nigihiti, na mezani mtu aliomba kinife bila hata kutabasamu. Nilicheka nao. Ila mchezo ukiisha walirudia Kihehe na Kibena, mimi nikabaki na kinife changu. Nilikuwa Msafwa peke yangu, kutoka milimani juu ya Iyunga, na kwa miezi mitano sikusikia neno hata moja la kwetu. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuzisemesha nguo nilipokuwa nikifua. Nilitaka jambo moja tu: mama ajue, aje anichukue.

Njia ilikuwa barua. Kila Jumapili baada ya ibada tuliketi darasani kuandika nyumbani, kwa Kiingereza, hata kwa mzazi asiyejua kusoma. Mwalimu alizipitia zote. Ukikosea neno moja unanakili barua nzima upya, na mfuko wa posta ukishafungwa, umefungwa. Kwa hiyo tuliandika maneno tuliyoyaamini. Mimi niliiamini "happy" na P zake mbili. Nina furaha, chakula ni kizuri, salamu kwa wote. Huko nyumbani mwinjilisti alimsomea mama kwa Kisafwa.

Jumapili moja nilijikaza. "Sad" nililijua, herufi tatu za kistaarabu, zote zinatamkwa. Nikaandika kwamba nina huzuni. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, hakunikataza. Alisema tu kwamba si vizuri kumwambia mzazi jambo kama hilo bila kumweleza sababu. Sababu ndiyo iliyonishinda. Kucheka, lugha, jirani, binti: kila neno nililolihitaji, kwa Kiingereza chao, lilikuwa limeficha G au U mahali. Nilinakili mara nne. Mara ya nne wino mwekundu ulikuwa sehemu mbili tu, na mwalimu akanisifu kwa maendeleo, lakini mfuko ulikuwa umeshaondoka. Jumapili iliyofuata nikarudi kwenye "happy".

Likizo ilipofika nilipanda basi nikiwa nimeshaamua. Tangu basi lilipopita Chimala nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumwambia: mama, sirudi tena kule. Nilimkuta shambani akipalilia viazi. Alijifuta mikono kwenye khanga, akanitazama kwa muda, akaniketisha kando yake juu ya tuta. Nikavuta pumzi ili nianze, lakini yeye akatangulia.

"Mwanangu, ulipoondoka nililia kila siku. Nilisema nimemtupa mtoto. Wiki ile barua haikuja, nilimwambia mwinjilisti nakwenda kumchukua, nikafunga na mzigo. Halafu ikaja, inasema una furaha. Ndipo nikaufungua."

Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega ilionekana.

"Sasa niambie kwa mdomo wako. Una furaha kweli?"

Aliuliza kwa Kisafwa, na kwa Kisafwa hakukuwa na neno lililonishinda, wala mtu wa kunisahihisha. Ningeweza kumweleza yote mpaka jua lizame. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Nikamwambia nina furaha, na chakula ni kizuri.

Januari nikarudi Iringa.