Sawa ya Kifaransa

Kila Ijumaa muhula ule, darasa letu la Kaloleni, Nairobi, lilinuka mitumba, ile harufu kali ya nguo zilizotoka kwenye belo, yaani robota, punde tu. Mwalimu Nafula, aliyetufundisha Kifaransa, alizibeba mwenyewe kutoka soko la Gikomba ndani ya gunia. Alisukuma madawati ukutani, akatandaza sweta na makoti sakafuni, akatuambia tuuziane kwa Kifaransa. Ukikosa neno, onyesha kwa mkono au uliza mwenzako, mradi usinyamaze. Mimi nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Nikitajwa jina tu, niliinamia daftari. Lakini kuvutana bei nilikujua tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na nani huvutana bei kimya kimya?

Kwanza ilikuwa salamu. “Ça va?” mwalimu aliuliza, yaani hujambo, akitamka “sa va”, nasi watoto wa Eastlands tukasikia neno letu. “Sawa!” tukajibu darasa zima. Alicheka hadi akakalia nguo. “Basi nusu mnaijua,” alisema. “Nipeni nusu iliyobaki.” Nami nikaanza kuipata. Kufikia katikati ya muhula nilikuwa nikibishana na Kamau, jirani yangu wa dawati, kwa Kifaransa kibovu juu ya koti lisilo na vifungo. Nilipenda kujisikia nikiongea.

Ndipo naibu wa mwalimu mkuu akapita dirishani, akanisikia nikisema “sawa”. Shuleni kwetu, aliyeongea Kiswahili nje ya kipindi chake alivishwa kibao shingoni. Akaingia, akanivisha.

“Hii ni klasi ama soko?”

“Anasalimia tu, mwalimu!” Kamau akasema. “Ni French!”

“Nyamaza!”

Mwalimu Nafula alimfuata nje kumweleza, akarudi macho mekundu. Ijumaa iliyofuata madawati yalikuwa yamerudi kwenye mistari, tukanakili vitenzi mpaka mtihani. Nilipita vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Siku hizi binti yangu anajifunza Kifaransa kwa michezo na maigizo, wala havishwi kitu. Namfurahia, na bado nina hasira. Katika ploti yetu ya nyumba za kupanga amehamia mama kutoka Kinshasa, asiyejua Kiswahili. Tukianika nguo hunisemesha kwa Kifaransa, nami namwelewa karibu kila neno. Vitenzi vyote ninavyo kichwani, lakini mdomo haufunguki. Natabasamu, naingia ndani. Juzi binti yangu alitoka kupiga gumzo naye.

“Mum,” akasema, “jirani anauliza mbona unamringia.”