Kuponda Faili

Mwaka 1992 ofisi yetu ya mizigo, pale uwanja wa ndege wa Kanombe, iliweka kompyuta ya kwanza. Mama aliyeandika kila kifurushi kiko rafu gani alikuwa amekulia Bujumbura. Kiswahili alikijua kuliko sisi sote, Kifaransa hakukijua. Mkurugenzi alimpa wiki moja: mashine ikimshinda, aende nyumbani. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne.

Mimi niliandika anwani kwenye vifurushi. Nilikuwa na shule ya msingi tu, miaka minane yenye Kifaransa kidogo, lakini mwandiko wangu ulisomeka, basi nikaambiwa nimwekee Mama kwa Kiswahili maelekezo ya Kifaransa ya fundi wa kompyuta, kijana aliyesomea Ubelgiji. Naandika polepole. Nilipofika kwenye neno écraser nikakwama. Nililijua: ni kuponda, kama gari linavyomponda kuku barabarani. Nilimfuata fundi.

“Faili linapondwaje?”

“Wewe umefika darasa la ngapi?”

“La nane.”

“Basi darasa la nane liandike kama nilivyoandika. Hayo ni maneno ya kazi yetu, si ya sokoni Kimisagara.”

Makarani wakacheka. Nikarudi nikaandika: Ukimaliza, mashine itauliza kama iliponde faili la zamani. Bonyeza O, yaani ndiyo.

Mama alisoma mara mbili. “Mwanangu, niponde kazi yangu mwenyewe?”

“Ndivyo alivyosema.”

“Labda herufi umekosea. Hakuna mwenye akili atakayekubali.”

Jumatatu mashine haikumuuliza kitu, maana hapakuwa na faili la zamani. Kuanzia Jumanne iliuliza kila jioni, naye kila jioni alibonyeza N, yaani hapana. Mashine haikuzimwa, kwa hiyo orodha yake ilibaki mbele ya macho, ikirefuka. Alifurahi kwamba anailinda.

Jumamosi asubuhi umeme ulikatika. Uliporudi, ilibaki orodha ya Jumatatu tu.

“Iko wapi kazi ya wiki?” mkurugenzi akauliza.

“Iliniuliza kama iponde, nikakataa.”

Fundi alicheka mpaka akashika meza. “Mama Hapana. Mashine inakuomba iandike mapya juu ya ya zamani, iyahifadhi. Wewe unainyima.”

“Karatasi ilisema nini?” mkurugenzi akamuuliza fundi.

“Ilisema O. Muulize aliyeiandika.”

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema kwamba niliuliza nikachekwa, na kwamba Mama pia aliniuliza.

“Ilisema O,” nikasema.

Mama alikunja kitenge chake cha kujifunika, akakitia kwenye mfuko. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, “Ungeniambia tu kwamba na wewe hujaelewa.”

Jumapili nilikaa na sentensi ile moja tangu misa ilipokwisha hadi saa nane. Nikaipata: itauliza kama iweke orodha mpya mahali pa ile ya zamani. Jumatatu, mahali pa Mama, alikuja binti aliyesoma Kifaransa. Nikampa karatasi, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.