Mashine Yangu Ilivyomzika Hajji Abdu Akiwa Mzima

Aibu hii nimeificha tangu Idi ya kuchinja iliyopita, na leo naisema kwa sababu nimechoka kukata kona kila nikiiona kanzu ya Hajji Abdu pale sokoni Nakaloke.

Kamati ya msikiti wetu hapa Mbale iliniomba niwaandikie programu ya kuandikisha wachangiaji wa ng'ombe (ng'ombe mmoja watu saba, kama mjuavyo), wa Mbale waandikwe hapa, wa Jinja waandikwe kulekule, wote kwa wakati mmoja, halafu siku ya Idi majina yatokee kwenye skrini sheikh ayasome kabla ya kisu. Nami, kwa uvivu ambao siku hizo niliuita ustadi, badala ya kumfungulia kila mtu fomu yake ndani ya kompyuta nikatengeneza fomu moja tu, makarani wa Mbale na wa Jinja waitumie pamoja kupitia mtandao, inajazwa, inahifadhiwa, inafutwa, inajazwa tena. Nikaijaribu peke yangu sebuleni, ikaenda kama maji, nikajipongeza kwa chai ya maziwa. (Peke yangu, kumbukeni hilo.)

Siku ya kuandikisha, karani wa Jinja alikuwa akimwandika Bi Mastula wa Masese, mjane aliyejinyima mwaka mzima ili amchinjie marehemu mumewe, na kabla fomu haijahifadhiwa karani wa Mbale akaandika jina la Hajji Abdu palepale, juu ya jina la marehemu. Kufumba na kufumbua, na mashine haikulalamika.

Basi Idi ikafika, uwanja umejaa, Bi Mastula kasafiri tangu alfajiri aje kusikia jina la mumewe likisomwa, na sheikh anasoma: "Bi Mastula, kwa niaba ya marehemu Hajji Abdu wa Nakaloke." Na Hajji Abdu ndiye aliyeshika kamba ya ng'ombe.

"Sheikh, mimi iko hapa," akasema taratibu. "Nani alisema mimi nakufa?"

Watu wakavunjika mbavu, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze, hadi nilipomwona Bi Mastula. Yeye hakucheka. Sheikh akaweka kisu chini.

"Binti, mashine yako inazika watu wazima. Jina ya mzee wa huyu mama iko wapi?"

Nikatafuta kwenye kompyuta. "Haiko, Sheikh."

Akaamuru skrini izimwe, akawaita wale saba mmoja mmoja: aje, aseme jina na nia yake, yeye alirudie, amalize, ndipo mwingine asogee. Hajji Abdu alipotaka kudakia, akamzuia kwa kiganja tu. Subhanallah, mwili ulinisisimka. Chuoni nilisoma habari za kufuli, kwamba kitu kinachobadilika kikitumiwa na kazi mbili kwa pamoja lazima moja ingoje nyingine imalize, na mtihani nikafaulu, lakini sikuwa nimeelewa kitu mpaka nilipoiona zamu ikilindwa kwa kiganja cha mzee asiyejua hata kuwasha kompyuta.

Bi Mastula alikuwa wa mwisho. "Twaha, mwana wa Saidi," akasema, sheikh akalirudia, kisha akakiokota kisu.

Siku hizi kila mtu nampa fomu yake, ikishajazwa haiguswi tena, na panapolazimu kushirikiana natia kufuli. Wallahi sirudii. Jina lile lilikuwa limebaki kinywani mwa mkewe tu, na kama asingepanda gari kuja Mbale, mimi ndiye ningekuwa nimemzika Twaha mara ya pili.