Kadi Namba Thelathini na Moja

Nikinusa tumbaku kavu, kitu cha kwanza kunipata ni hasira. Kumbukumbu huja baadaye. Ninaiona tena karakana ya baba pale Malvern, ninasikia magari ya Jules Street yakiunguruma nje, na ninajiona mimi, msichana wa miaka tisa, nikiamriwa nikanawe mikono kwa mara ya tatu.

Baba alikuwa fundi wa makochi, mtu wa Tanga aliyehamia Johannesburg kabla sijazaliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2015, bibi mmoja alimletea kochi la zamani alivishe kitambaa kipya. Baba alipolichana, akakuta bati la tumbaku limezama kwenye sponji, na ndani yake kadi ndogo zilizolingana na kiberiti. Bibi aliporudi alizitazama mara moja tu, akasema baba abaki nazo, yeye anataka kochi lake.

Zilikuwa kadi za sigara. Zamani sana makampuni ya sigara yalitia kadi moja katika kila pakiti, ili mvutaji aendelee kununua mpaka akamilishe seti. Seti hii ilikuwa ya waendesha pikipiki wa mashindano, wale waliozunguka uwanja wa majivu magumu wakiwa wamelala upande, mguu wa kushoto wenye soli ya chuma ukiburuzwa chini. Mbele kulikuwa na picha ya rangi, nyuma namba na maelezo ya mwendeshaji kwa herufi za kusumbua macho.

Seti nzima ilikuwa kadi hamsini. Kwenye lile bati zilikuwamo kumi na nne. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Kwanza, sheria. Kadi haishikwi katikati, inashikwa kingoni. Feni izimwe. Usipige chafya, na kama lazima upige, toka nje. Mama alisema hata mimi nilipozaliwa sikushikwa kwa uangalifu ule.

Pili, Jumapili zangu zote. Wenzangu walikwenda kuogelea, mimi nilizungushwa kwenye maduka ya vitu chakavu na minada ya uani, nikiuliza kwa Kiingereza kwa niaba ya baba. "Muulize kama ana kadi za pikipiki," baba alikuwa akisema, nami nikiuliza, huku nikiomba moyoni mwenye duka akatae upesi.

Na tatu, mbaya kuliko zote, kusoma. Kila kadi mpya ilipopatikana nilikalishwa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikinichoma.

"Soma. Sasa niambie kwa Kiswahili."

Kiswahili changu kilikuwa cha kuungaunga. Shuleni nilisema Kiingereza, mtaani Kizulu, na mama aliponiita kwa Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza.

"Pikipiki yake ilikuwa haina... brakes."

"Breki."

"Haina breki."

"Sasa alisimamaje?"

"Eish, baba! Haijaandikwa!"

"Basi fikiri, uniambie alisimamaje."

Ningefikiri nini? Nilitaka kwenda kucheza. Lakini baba alingoja bila kuchoka, mkasi mkononi, mpaka sentensi nzima itoke.

Kufikia mwaka 2017 alikuwa na kadi arobaini na tisa. Iliyokosekana ni namba thelathini na moja tu. Aliitaja namba ile hadi nikaichukia.

Jumapili moja ya mwaka huo ilikuwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yangu Lerato. Baba aliniahidi kuwa saa saba mchana tutakuwa tumeshamaliza mizunguko yetu. Saa sita na nusu tukapita kwenye nyumba ambayo mzee mmoja wa Kizungu alikuwa amepanga vitu vyake uani, anauza kabla ya kuhama. Ndani ya kopo la biskuti, juu kabisa, ilikuwapo namba thelathini na moja. Baba alivua kofia yake akaishika kifuani.

Niliuliza. Yule mzee akatabasamu, akaeleza kuwa baba yake naye alishindana kwa pikipiki kwenye majivu, na kadi ile atatupatia bure kabisa. Alichotaka ni tuingie ndani tunywe chai, atuonyeshe picha za baba yake, maana hajapata mtu wa kumwonyesha. Aliuliza kama tunakunywa na maziwa.

Nilijua chai ile itakuwaje. Baba na mzee mwenye picha! Ningetoka mle jua linazama.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anasema haitoi kwa mtu yeyote. Ni ukumbusho wa marehemu baba yake."

"Kweli?"

"Kweli."

Baba alimtazama mzee, akanitazama mimi, kisha akavaa kofia yake. "Mwambie tunashukuru."

Nikamwambia mzee kwamba tuna haraka. Akairudisha kadi kwenye kopo taratibu. Nilifika kwa Lerato kwa wakati, nikala vipande viwili vya keki, na sitawadanganya kwamba vilinikwama kooni.

Miaka miwili baadaye nilimlalamikia mama kwamba nimechoka kuwa mkalimani wa baba. Mama alicheka hadi akaketi. "Mkalimani? Baba yako alifanya kazi mapokezi ya hoteli kule Durban miaka sita. Kiingereza chake ndicho kilichonitongoza."

Nilikwenda karakana mbio. Baba alikuwa na misumari midogo mdomoni, anagongelea kitambaa.

"Baba, yule mzee wa thelathini na moja. Ulimwelewa?"

Aliitema misumari kiganjani, mmoja mmoja. "Aliuliza kama tunakunywa na maziwa."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini mbele ya mgeni? Kwamba mwanangu mwongo?" Akachagua msumari. "Tena ulidanganya kwa Kiswahili safi. Hukuchanganya hata neno moja."

Tulikwenda siku hiyohiyo kwenye ile nyumba, mimi ndiye niliyemvuta. Tulikuta watu wengine wanakaa pale, hawakumjua mzee wala alikohamia. Baba hakunilaumu, na hilo liliniudhi kuliko kama angenichapa. Nilimnunia wiki nzima, nikisema moyoni kwamba mwongo wa kwanza ni yeye, aliyenifanyisha kazi asiyoihitaji.

Sasa nina miaka ishirini, na bado nikiziwaza zile Jumapili najikuta nasonya. Miaka mizima ya vumbi na springi, wakati angeweza kuniambia tu, "Mwanangu, zungumza lugha yetu." Lakini namjua msichana yule kuliko mtu yeyote. Angeambiwa hivyo, angejibu kwa Kiingereza.