Nilivyokwenda Kanoni Kumfuta Bwana Asimwe

Niliondoka Kimuli kwa hasira, na asije mtu akasema nilikwenda kusalimia ndugu. Wenzangu wa kwaya mmeniuliza nilikuwa wapi Alhamisi ile hata nikakosa mazoezi. Nilikuwa Kanoni, kwenye kile chuo kidogo cha kilimo nilichosoma baada ya kidato cha nne. Nilikwenda kumfuta mtu ukutani.

Jumatano jioni Jovina, tuliyecheza naye zamani, alinitumia picha kwenye simu. Chuo kilikuwa kinajiandaa kwa sherehe ya Jumamosi, na ukutani mwa bwalo walikuwa wameandika historia ya timu yao ya mpira wa Kimarekani, ule mpira wenye ncha mbili tuliouita papai. Chini ya kichwa cha habari nikasoma: "Nahodha wa kwanza: Bw. Asimwe."

Asimwe ni mimi. Ila kwetu huku, mnajua wenyewe, Asimwe anaweza kuwa wa kike au wa kiume, na hao waandishi wa historia wameamua kunivisha koti na tai.

Nilimwonyesha mama yangu. Akaniuliza, jina si limo, unataka nini tena? Nikamjibu jina limo, mtu hayumo. Akaenda kutafuta koti la Kemi.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka. Nilimkalisha Kemi, mwanangu wa miaka mitano, katikati yangu na dereva wa bodaboda. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Dereva aliniangalia usoni akaniuliza kama tunakwenda kuona mgonjwa. Nikamwambia hapana, mgonjwa ni mimi, endesha.

Saa mbili tulifika Songambele, kwa Jovina. Alikuwa anaanika kahawa kwenye mikeka, na mtoto wake wa pili mgongoni. Alituandalia chai na ndizi za kuchoma, lakini hakukaa, na mimi sikukaa. Tulizungumza tumesimama.

Ili mnielewe niseme jambo lenyewe. Kijana mmoja wa Kimarekani, Mwalimu Dani, alikuja kujitolea kutufundisha ufugaji nyuki. Alikuja na mipira miwili ya papai. Wavulana walimcheka, walikuwa na mpira wao wa miguu na uwanja wao. Sisi wasichana hatukuwa na chochote isipokuwa kipande cha mteremko kando ya mibuni ya chuo, basi akatufundisha sisi. Hakuna kugongana. Unafunga kipande cha kitenge kiunoni, na mpinzani akikichomoa, umesimamishwa. Tulikuwa saba.

Dani alitupangia mbinu kwa namba za Kiingereza. Kila mtu alichanganyikiwa, huyu anakwenda kushoto, yule anakaa. Nikazitupa namba zote nikaweka majina ya ndizi. Nikiita "embire", ndizi ya kukanyaga kwa ajili ya pombe, tunapita katikati kwa kusukumana. Nikiita "gonja", ndizi ndefu, Jovina anakimbia mpaka mwisho bila kugeuka na mimi narusha mbali. Kwa gonja hiyo tuliwashinda wageni wa chuo kingine, na siku hiyo ndipo wavulana walipoanza kuutaka mchezo.

Miezi miwili baadaye mimba yangu ikaonekana. Mwalimu Rwegasira, mwalimu wa taaluma, aliniita ofisini akalikata jina langu kwenye rejista kwa kalamu nyekundu, mimi nikiangalia. Wavulana wakachukua timu. Dani akarudi kwao.

Jovina akanieleza yaliyobaki. Historia ya ukutani imeandikwa na Rwegasira huyohuyo. Mtu wanayemwita nahodha amepatikana, ni mwanamume, na Jumamosi atavishwa shuka ya heshima mbele ya wageni. Fundi wa maandishi atapaka vanishi saa kumi jioni leo. Ikishakauka, hawagusi tena.

Nilimwomba twende wote. Akatazama kahawa, akatazama wingu, akasema mvua ikinyesha juu ya hii mume wake hatauliza habari za papai. Sikumlaumu. Aliingia ndani akatoka na kipande cha kitenge cha njano kilichofifia. Chake cha mechi ile.

"Nenda nacho," akasema. "Na usilie mbele ya Rwegasira. Ukilia amekushinda."

Saa sita kasoro, kabla ya kufika Omurushaka, mvua ilitushika. Lori la ndizi lilikuwa limeteleza likajilaza kukata barabara, na magari yamepanga foleni pande zote mbili. Watu wakashuka, wakaanza kutoa ushauri. Mimi nilikuwa nahesabu saa. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Kemi akataka kukojoa, akataka kula, akataka kujua huyo Bwana Asimwe alitukosea nini. Nikambeba, nikavua viatu, tukalizunguka lori kwa kupita ndani ya kibanja cha watu, katikati ya migomba yao. Mwenye kibanja alitoka na panga. Nikampa shikamoo nikamweleza nakimbilia chuoni kabla jina langu halijapakwa vanishi. Hakuelewa hata kidogo, lakini alitupitisha njia fupi. Upande wa pili nilipata bodaboda nyingine.

Saa tisa na nusu tulifika Kanoni. Mlinzi wa getini aliniuliza kama nina barua ya mwaliko. Nilikuwa na matope mpaka magotini na mtoto kiunoni. Nikamwambia niitie Ma Koku wa jikoni. Ma Koku ndiye mpishi aliyetushonea vile vitenge, na ndiye aliyenilaza kwake siku niliyofukuzwa. Alikuja akifuta mikono, akaniona, akamwambia mlinzi afungue au ale kwao kesho. Mlinzi akafungua.

Bwaloni fundi alikuwa juu ya ngazi. Kopo la vanishi lilikuwa chini, wazi tayari. Mwalimu Rwegasira alikuwa amekaa na mwanamume mmoja mwenye koti jipya, wanapanga nani atakaa wapi Jumamosi. Nikatoa shikamoo. Akaitikia kabla ya kunitambua. Aliponitambua akasimama.

Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya ukuta. Akasema kwa upole, upole ule wa ofisini, kwamba yeye amefuata kumbukumbu. Dani aliacha daftari lenye neno "Asimwe, nahodha", basi akafungua rejista.

"Nikatafuta Asimwe," akasema. "Yuko mmoja tu."

"Wa pili ulimkata wewe, mwalimu. Kwa kalamu nyekundu."

Fundi akageuka juu ya ngazi. Nikamgeukia yule mwenye koti, nikamsalimu, nikamuuliza jina. Asimwe, mfanyabiashara, kwao Muleba. Nikamuuliza kama yeye ndiye nahodha wa papai. Akatazama viatu vyake.

"Kaka, nikikuita 'gonja' uwanjani, unafanya nini?"

Akafikiri kweli, jamani. "Namenya," akasema.

Fundi alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Ma Koku akajifunika khanga usoni. Hata mwenyewe yule bwana akacheka, kisha akajifuta jasho. Alisema yeye alikuwa golikipa wa mpira wa miguu, tena wa akiba. Barua ilisema Asimwe, naye ni Asimwe, akaja. Nyumbani wameshamchinjia mbuzi. Nikamwonyesha kitenge cha Jovina, nikamweleza gonja ni nini. Akavua koti akalikunja mkononi.

"Mwalimu, Jumamosi mimi sisimami," akasema. "Simameni na mwenyewe."

Kelele zilimtoa mkuu wa chuo ofisini, mama mmoja mgeni pale, hakunikuta. Rwegasira akamweleza haraka haraka kwamba kosa ni dogo, fundi akwangue tu "Bw.", ibaki "Asimwe", kila mtu aelewe anavyoelewa. Kuandika jina kamili la mtu ambaye hakumaliza, alisema, utaratibu hauruhusu.

Hapo ndipo nusura nilie. Nikamkumbuka Jovina.

"Asimwe peke yake mtampa mwingine kesho," nikasema. "Andika Mama Kemi."

"Hilo si jina la mwanafunzi," akasema Rwegasira.

"Ndilo jina mlilonifukuzia. Siku ya gonja alikuwa tumboni. Liandikeni."

Mkuu aliangalia ukuta, akamwangalia yule bwana aliyekunja koti, akamwangalia Kemi aliyekuwa anachezea brashi. Pengine aliwaza ni nani atasimama Jumamosi, sijui. Alimwambia fundi aandike nitakavyosema, na Mwalimu Rwegasira amtajie herufi. Basi akamtajia, moja moja, kwa sauti ndogo hata ikabidi fundi amwombe arudie.

Saa kumi na moja vanishi ilikuwa inang'aa. Tulilala kwa Ma Koku, na Ijumaa tukarudi njia ileile. Lori lilikuwa limeondolewa, kahawa ya Jovina ilikuwa imelowa nusu. Nilimrudishia kitenge chake, akakifunga kiunoni palepale na kuendelea kuanika. Jumamosi sikwenda. Nauli nyingine sikuwa nayo, na shuka sikuifuata.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba jina linalowaenea watu wawili, wenye kalamu watampa yule ambaye hawakumkosea. Na kwamba sijutii kuitwa Mama Kemi, ingawa miaka yote hii nilidhani najutia.

Kabla vanishi haijakauka niliweka kidole gumba pale chini ya K. Fundi aliona, akaendelea kuosha brashi. Alama iko pale, anayebisha aende akaangalie.