Plastiki Iliyokunywa Maji

Gari la baba lilikaa uani kwetu Mumbuni kwa miaka, kioo cha nyuma kikiwa kimevunjika. Ni vani ya zamani, na kioo chake kilijikunja pande zote mbili. Hata wauza vipuri hawakuwa wameona kingine kama hicho. Wazazi walipofariki nilitoka shule nikiwa kidato cha pili, nikajifunza kunyoosha bodi za magari, nikawaahidi wadogo zangu kwamba gari hilo litatembea tena. Ningeligeuza karakana ya cherehani, niende nalo hadi soko la Katangi.

Injini ilikubali. Kwenye madirisha ya kando niliweka plastiki ngumu, angavu kama kioo, isiyopasuka barabara ikiwa mbaya. Kioo cha mbele nilikiacha kilivyo, maana waipa zingekwaruza plastiki. Ukabaki upande wa nyuma. Plastiki hiyo hukunjwa kwa moto, na tanuri pekee la kuitosha lilikuwa la matofali, la mama mmoja anayeoka mikate Katelembo. Niligonga bati likafuata mkunjo wa kile kioo kilichovunjika, nikalitandikia kitambaa cha pamba, nikalaza plastiki juu na kuingiza.

Ilitoka imejaa mapovu, nyeupe kama uji.

"Aiya! Umenipikia nini humo?" mama wa mikate akauliza. "Hii hata mbuzi haiwezi kula."

Kilibaki kipande kimoja. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekuja mara mbili kuliangalia gari. Nikaamua kwamba hiki cha pili kikiharibika, nitamwita alichukue.

Mdogo wangu anayenifuata hufundisha kemia. Nilimpelekea ile iliyoharibika, akaigeuza juani.

"Dada, hii ilikuwa na maji."

"Maji gani? Niliipangusa mwenyewe."

"Si juu, ndani. Hii plastiki inakunywa maji kutoka kwa hewa. Ukiipasha haraka, yanachemka humo humo."

"Wacha kunichezea. Kitu kigumu hivi?"

"Ikaushe kwanza na moto mdogo. Masaa mengi."

Nilirudi nyumbani nikakishika kile kipande kilichobaki. Nilikuwa nimekata plastiki, nikaipiga msasa na kuitoboa, wala sikujua kwamba inakunywa.

Mama wa mikate alicheka nilipomweleza. Moto mdogo tanuri lake lilikuwa nao kila siku mikate ikishatoka, ukipotea bure. Akatupa unga kidogo ndani kupima moto, haukugeuka rangi. "Sasa ingiza." Tukafunga mlango hadi asubuhi.

Asubuhi, mdogo wangu akiwa amekuja kutazama, tuliitoa plastiki tukaifunga kwa blanketi. Mama akawasha kuni upya, akatupa unga tena, akangoja uwe rangi ya chai.

"Haraka, kabla haijakunywa tena!" mdogo wangu akahimiza, nami nikailaza juu ya bati na kuiingiza.

Tulichungulia mlangoni. Kwanza haikufanya kitu. Kisha pembe zikalegea, katikati ikashuka polepole, ikalala juu ya bati kama mtoto aliyechoka. Hakukuwa na povu hata moja. Hakuna kati yetu aliyeyaona yale maji yakiingia, wala yakitoka, lakini yalikuwa yametoka.

Ilipopoa tuliinyanyua, mdogo wangu upande ule, mimi huku. Nilimwona kupitia kwayo, hadi chunusi ya shavuni.

"Dada, twende tuifunge kwenye gari basi. Mikono inauma."

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Wacha nione."