Kabati Lenye Ufunguo Mmoja

Fundi yule wa magari walimwita Sumaku, naye hakuchukia. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na kisumaku kidogo, na gari lolote likiingia gereji alilipapasa nacho kwanza, salamu baadaye. Sumaku ikikataa kunata mahali, basi chini ya rangi kuna puti, gari liliwahi kugongwa, na mwenye gari ni mwongo. Hivyo ndivyo alivyowapima watu kwa miaka thelathini. Mkewe husema hata siku ya harusi yao alikigeuza kiti chake juu chini kutazama misumari.

Sasa vifaa vikaanza kupotea. Ilianza spana namba kumi na tatu, ikafuata namba kumi, kisha bisibisi fupi aliyoipenda kama jino lake, kisha racheti. Kila kifaa alikuwa amekipaka shingoni tone la rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, asije mtu akadai ni chake. Wapi! Vilitoka kwenye sanduku la mbao mchana kweupe vikaenda kusikojulikana.

Na gereji ile ilikuwa na watu wawili tu: yeye, na shemeji yake, ndugu pekee wa mkewe, fundi wa umeme wa magari, mtu wa maneno machache. Miaka kumi na tano chini ya bati moja. Mtu mpole hivyo, Sumaku alijiambia, anaficha nini? Siku moja akamwona kwa macho yake mawili amesimama getini na dereva wa teksi. Shemeji alipokea kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, akatupa jicho nyuma, akakitia mfukoni haraka. Sumaku alijibanza nyuma ya boneti. Kikulacho ki nguoni mwako!

Jioni ile aliisukuma sahani kando. Akisema, mkewe atampoteza ndugu yake wa pekee. Akinyamaza, anafuga mwizi. Alimpenda yule bwana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akaamua dawa ni kabati la chuma la magurudumu, lenye kufuli, lisilovunjika wala kuibiwa.

Dukani walikwenda wote wawili, maana kumwachia shemeji gereji peke yake, aa, bado alikuwa na akili zake. Muuzaji, mama mmoja mwenye kalamu sikioni, akawaonyesha kabati linalong'aa.

"Hili linachukuliwa sana, fundi."

"Linachukuliwa na nani, wezi?" Sumaku akaligonga kwa kidole, likalia kama mkebe mtupu. Alikuja na gunia, na ndani ya gunia mna flaiwili ya lori, lile gurudumu zito la chuma la injini. Akaitia droo ya juu, akavuta droo zote kwa mpigo. Kabati likainama mbele, mama akapiga yowe, shemeji akaliwahi kwa bega.

"Mmeona? Lingenizika hili!"

La pili lilikuwa jekundu, zito, droo zake zinateleza juu ya gololi, na ukivuta moja nyingine zinakataa kutoka. Akalipiga teke. Akachuchumaa kukagua magurudumu, akaona mawili yanageuka na yana breki. Akamwambia muuzaji apande juu.

"Baba, mimi nina watoto wa kulea!"

Shemeji alikuwa amesimama pembeni mbele ya kabati jingine. "Shemeji, njoo uone hili. Kila spana imechongewa kitanda chake. Kabla gari halijatoka unatupia jicho tu, ukiona kitanda kitupu unajua kifaa hakijarudi."

"Kufuli lake je?"

"Kufuli la kitoto. Ila kufuli halitatusaidia, shemeji."

Sumaku alimkata jicho. Tangu lini mwizi akasifia kufuli? Akanunua lile jekundu. Lilikuja na funguo mbili. Wa pili akaubana kwenye jiliwa pale gereji na kuukata kwa msumeno, shemeji akimtazama. Uliobaki akaufunga kwa uzi mwekundu, akauvaa shingoni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, shemeji alikunywa chai yake nje.

Siku ya tatu, mchana, Sumaku akataka koleo. Akapapasa kifua. Hakuna uzi. Akapekua mifuko, akapindua matambara, akatambaa chini ya benchi. Akamgeukia shemeji.

"Nipe ufunguo!"

"Sina, shemeji."

"Huna? Nilikuona getini na dereva wa teksi! Ulipokea nini? Nakuheshimu kwa ajili ya dada yako, nawe unanifanya mjinga?"

Shemeji aligeuka. Akaenda kwenye meza yake, akatoa mkebe uliofichwa chini ya nyaya, akaufungua. Spana ya kumi na tatu. Ya kumi. Bisibisi fupi. Racheti. Zote zina tone jekundu shingoni.

"Nilijua!" Sumaku alipayuka. "Nilijua mimi!"

"Hii ilikutwa juu ya giaboksi ya lori la matofali," shemeji akasema taratibu. "Hii, chini ya betri ya gari la mwalimu mmoja. Bisibisi ndiyo aliyoniletea dereva wa teksi siku ile, aliikuta imelala karibu na feni. Na racheti ilimkatia mtu mkanda wa injini barabarani, na watoto wake wamo ndani. Unaziacha kwenye injini, shemeji, unafunga boneti."

"Kwa nini hukuzirudisha?"

"Ungesema mwizi ameogopa. Kila siku nilitaka nikwambie, nikashindwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika spana."

Sumaku aliichukua racheti, akaigeuzageuza. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa dereva yule yule wa teksi, aliyetengenezewa gari asubuhi ile.

"Fundi, nimefungua boneti niongeze maji, nimekuta ufunguo umekaa pembeni ya betri, una uzi mwekundu."

Akakumbuka. Aliuvua mwenyewe, chuma kisije kikagusa betri, kama anavyomwonya kila mtu.

"Nakusikia," akasema.

"Basi naomba umwambie shemeji yako, maana majuzi nilipomrudishia bisibisi aliniomba nisikusumbue, akasema ndiye aliyeisahau. Mtu yule ni hatari, fundi. Mfukuze kabla hajaua mtu."

Shemeji alikuwa ameinama anaupanga mkebe wake. Sumaku alikaa kwenye gurudumu la lori.

"Si yeye," akasema kwenye simu, kwa sauti ili asikike gereji nzima. "Si yeye kabisa. Ni mimi."